Simulizi za Wodi ya Wazazi, Sehemu ya 7: Usiku mpira uliporudi

 

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu huzuni baada ya kujifungua. Ahadi naitimiza leo, ila nitapitia njia ndefu kidogo, njia ya mpira. Najua wengine mtasema, "Nesi naye kaanza." Vumilieni, tutafika.

Si mpira wetu wa Simba na Yanga. Nazungumzia mpira wa Australia, ule ambao huku Melbourne ninakofanyia kazi wanauita footy. Kwa asiyeujua: kila timu ina watu 18 uwanjani, uwanja una umbo la yai, na mpira wenyewe una umbo la yai. Unapiga kwa mguu, au unaupiga ngumi kumpelekea mwenzio. Unaruhusiwa hata kumrukia mtu mgongoni ili uudake juu. Kila upande wa goli zimesimama nguzo nne. Ukipitisha katikati ya zile mbili ndefu, ni goli, pointi 6. Ukikosa kidogo, mpira ukapita pembeni kati ya nguzo ndefu na fupi, hawakunyimi kabisa. Wanakupa pointi 1.

Hiyo pointi moja ishike, tutairudia.

Mimi nilianza kuupenda mwaka 2017. Kabla ya hapo niliona ni watu wanaogombana tu wakiwa na kaptula fupi. Mwaka huo Richmond, timu ya nyeusi na njano, ilichukua ubingwa baada ya miaka 37 ya kungoja. Wodini nilimwona mama mtu mzima, mfanya usafi wetu, analia huku ameegemea mopu. Nikajiuliza ni kitu gani hiki kinachomliza mtu mzima kwa furaha? Nikaanza kutazama. Mwanangu naye akakua nao, Jumamosi asubuhi nampeleka Auskick, mazoezi ya watoto, nasimama na chai yangu kwenye baridi pamoja na mama wengine. Hapo ndipo nilipopata marafiki wa kwanza katika nchi hii ambao si wafanyakazi wenzangu.

Sasa twende 2020.

Tarehe 19 Machi msimu ulifunguliwa, Richmond na Carlton, uwanja wa MCG. Mwaka mmoja kabla, mechi kama hiyo ilijaza watu zaidi ya 85,000. Safari hii hakukuwa na shabiki hata mmoja. Tuliwasikia wachezaji wakiitana majina, tukasikia mpaka kishindo cha mguu ukigonga mpira. Richmond walishinda, lakini nyumbani kwangu hakuna aliyeshangilia. Siku tatu baadaye, Jumapili tarehe 22, ligi ikasimamishwa. Na Auskick ikafa. Mwanangu alibaki anapiga mpira kwenye korido ya nyumba, dum, dum, dum, mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Kazini nako tulikuwa na mambo yetu. Wodi yetu iliruhusu mtu mmoja tu wa kumsindikiza mama, kwa saa zilizopangwa. Bibi hakuna, shangazi hakuna, shoga hakuna. Mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa, kwa hiyo wale mabibi waliokuwa wameshakata tiketi kutoka Dar, Nairobi, Bujumbura, waje kukanda wajukuu na kupika uji, walibaki huko huko. Nilikuwa nafunga milango ya wodi mwenyewe. Niliwaambia watu wazima wenye mabakuli ya mchuzi, "Samahani mama, haiwezekani." Kila siku nilikwenda nyumbani na zile nyuso.

Basi ilipotangazwa kwamba mpira unarudi Alhamisi tarehe 11 Juni, nilifurahi na kukasirika kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu wiki ingekuwa tena na siku zake. Siku 81 tulizokaa, Jumatatu na Jumamosi zilikuwa zimefanana. Nilikasirika kwa sababu wachezaji walikuwa wanapimwa mara mbili kwa wiki ili wakumbatiane uwanjani, na mimi nina mama amejifungua juzi haruhusiwi kukumbatiwa na shangazi yake anayekaa dakika kumi kutoka hospitali.

Huyo mama nimebadilisha mambo yake kadhaa ili asijulikane, na nimemwomba ruhusa. Alikuwa mdada wa Kikongo, mtoto wa kwanza, anaongea Kiswahili, kwa hiyo wenzangu walinipangia mimi. Mume wake alikuwa Collingwood damu damu, timu ya mistari nyeusi na nyeupe. Na mechi ya kurudi ilikuwa Collingwood na Richmond. Nilimtania yule baba, "Leo tunawachapa." Akacheka, muda wake wa kukaa ukaisha, akaondoka.

Nilikuwa zamu ya jioni. Nikawa nazunguka vyumbani, kila chumba chenye tivii iliyowashwa naibia sekunde mbili. Kabla ya kuanza, wachezaji wa timu zote mbili walipiga goti moja kwa ajili ya Black Lives Matter. Mimi mama wa mtoto mweusi katika nchi hii nilisimama na trei yangu ya dawa nikameza mate. Halafu nikaendelea na kazi.

Nilipofika kwa yule mdada, mtoto alikuwa analia, titi halishiki vizuri, chuchu zimechubuka. Nilimsaidia kumweka mtoto, tukajaribu, akashika kidogo, akaachia. Tivii ilikuwa imewashwa, nadhani mumewe ndiye aliyeiacha hivyo. Kelele za mashabiki zilikuwa zinapanda na kushuka kama kawaida. Yule mdada akatazama skrini, viti vitupu mwanzo mwisho, akaniuliza:

"Dada, hao watu wanaopiga kelele wako wapi?"

Nikamjibu huku narekebisha mto, "Hawapo mdogo wangu. Ni kelele za kurekodiwa. Wamewekea ili isiwe kimya."

Akaanza kulia. Si kile kilio cha siku ya pili na ya tatu tunachokijua, cha homoni, cha kuona tangazo la sabuni ukalia. Hiki kilikuwa kilio bila sauti. Akachukua simu yake akaonyesha. Meseji nyingi ajabu. Hongera mama. Hongera sana. Maua, mioyo, ngoma. Akasema, "Ni kama hao. Kelele ziko, watu hawako."

Kisha akasema sentensi ambayo kila nesi akiisikia anaacha alichoshika: "Mtoto huyu angekuwa afadhali na mama mwingine."

Sasa nikwambie ukweli, mama unayesoma. Nilikuwa nimepita chumba kile mara tatu jioni ile. Niliandika kwenye faili: joto, presha, damu, mtoto kakojoa. Nilikuwa nimemuuliza "Uko sawa?" na yeye akasema "Niko sawa," nami nikaondoka kwa haraka maana robo ya pili ilikuwa inaanza. Hata mimi nilikuwa kelele ya kurekodiwa. Hilo sijalisahau.

Nilizima tivii nikakaa. Nikamuuliza kama anapata usingizi mtoto akilala. Akasema hapana, hata mtoto akilala saa tatu, yeye anakodoa dari. Nikatoa yale maswali 10 tunayotumia, yanaitwa kipimo cha Edinburgh, yamekuwepo tangu 1987. Yanauliza mambo ya kawaida kabisa: kama unaweza kucheka, kama unajilaumu, kama unaogopa bila sababu. La mwisho linauliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Alikaa kimya muda mrefu kwenye hilo la mwisho. Sitaandika alichojibu. Nitasema tu kwamba daktari aliitwa usiku ule ule, na hakuachwa peke yake chumbani.

Tulipokuwa tunamsubiri daktari mtoto akashika titi tena, kama dakika mbili, akaachia. Mama mtu akasema, "Unaona? Nimeshindwa tena." Sijui nini kilinituma, nikamweleza zile nguzo nne. Nikamwambia katika mchezo wa mume wako, ukikosa kidogo hawaandiki sifuri. Dakika mbili ni pointi moja, na tunaiandika. Nikachukua karatasi nikaibandika ukutani, nikaandika 1. Akaniangalia kama mwehu, lakini akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilipotoka kuelekea nyumbani ndipo nilipofungua simu kuona matokeo. Sare. 36 kwa 36. Na si sare ya kawaida: kila timu magoli 5 na zile za pembeni 6. Magoli matano ni 30, na sita zilizobaki ni za kukosakosa. Mechi tuliyoingoja karibu miezi mitatu iliisha bila mshindi, pointi kiduchu, robo zimefupishwa kutoka dakika 20 hadi 16, mbele ya viti vitupu. Mwenzangu mmoja alisema, "Mchezo mbovu." Mimi nilikaa ndani ya gari nikaona ni mchezo wa kweli kuliko yote niliyowahi kuiona. Ulirudi jinsi mtu anavyorudi kutoka kwenye ugonjwa, au kutoka leba. Mfupi, mpungufu, bila kelele. Lakini ulirudi.

Karatasi ya yule mdada ilifika pointi 14 kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nyumbani shangazi aliruhusiwa kumtembelea. Mwezi Julai maambukizi yalipopanda tena na jiji zima likafungwa, sheria bado iliruhusu kwenda kumhudumia mtu anayehitaji msaada, na yule shangazi hakucheza na ruhusa hiyo. Alikuja na sufuria zake. Timu za Melbourne zilihamishiwa Queensland zikacheze huko, sisi tukabaki na amri ya kutotoka nje usiku na mwisho wa kilomita tano. Kuna mchezaji mmoja wa Richmond, Shane Edwards, hakuondoka na wenzake. Alibaki na mwenzi wake mjamzito, akajiunga na timu baadaye. Baadhi ya mashabiki walinung'unika. Mimi wodini niliwaambia akina baba wote: mnamwona huyo? Huyo ndiye wa kuigwa.

Fainali ilichezwa tarehe 24 Oktoba huko Brisbane, mara ya kwanza nje ya jimbo letu la Victoria. Richmond 81, Geelong 50. Edwards alikuwemo uwanjani. Mimi na mwanangu tulipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga tena, safari hii kwa kushangilia. Usiku huo nikapokea picha: mtoto wa miezi minne na nusu, mashavu kama maandazi, kavalishwa mistari nyeusi na nyeupe. Chini mama yake ameandika, "Dada, mume anasema mwaka ujao." Na pembeni ya picha, kwenye friji, niliiona ile karatasi.

Haya, mama zangu, somo la leo.

Kilio cha siku za mwanzo baada ya kujifungua ni cha kawaida. Huja siku ya tatu hivi, huisha ndani ya wiki mbili. Kikizidi hapo, au ukakosa usingizi hata mtoto akilala, au ukahisi mtoto si wako, au unajilaumu kwa kila kitu, sema. Mwambie nesi wa kliniki, mkunga, daktari, yeyote. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki, nenda hospitali leo hii hii, na usiende peke yako. Ni ugonjwa, una tiba, wala haumaanishi wewe ni mama mbaya.

Na wewe ndugu, shoga, wifi, mama mkwe: meseji ya hongera ni nzuri, itume. Kisha nenda. Osha vyombo, mshike mtoto saa moja mama yake alale. Usiulize "Uko sawa?" ukiwa mlangoni na viatu miguuni. Kaa kwanza, ndipo uulize.

Na wewe mama unayesoma hii saa nane usiku na mtoto begani: leo umenyonyesha dakika mbili? Umeoga? Umekula hata ndizi? Andika. Ni pointi moja.

Sehemu ya 8 nitaongelea chuchu zilizochubuka na jinsi ya kumshikisha mtoto titi, mmeuliza wengi. Kwenye maoni niandikieni pointi yenu ya leo. Nitasoma zote nikitoka zamu.