Sketi nyeupe ya siku ya Matawi



Mama mmoja aliniuliza juma lililopita: «Madamu, vijana wetu wa kanisa wanataka iniforme mpya. Tuchague gani?» Ninamjibu hapa ili na wengine wasikie. Lakini sitaanza na rangi wala na bei ya kitambaa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mlezi wa vijana katika parokia yetu hapa Bukavu. Walikuwa 40, wa miaka 10 mpaka 17, na tulikutana kila siku ya posho baada ya chakula cha mchana. Sikukuu ya Matawi ilikuwa inakaribia. Niliwahi kuona kikundi kingine kikiandamana kwa mavazi meupe kabisa, na moyo wangu ulitamani. Basi katika kikao nikasimama na kusema: wasichana wavae shemizi na sketi nyeupe, wavulana shemizi na pantalo nyeupe. Fundi alitutajia dola 15 kwa kila kijana, kitambaa na kushona pamoja. Niliuliza wazazi kama kuna neno. Hakuna aliyesema. Nikaandika katika daftari: wote wamekubali.

Mimi ni mwalimu. Kila siku ninajua kwamba darasa likinyamaza, si kusema limeelewa. Siku ile nilisahau.

Siku ya Matawi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ninyi mnajua njia zetu za milimani na udongo wake mwekundu. Watoto waliruka kutoka jiwe hadi jiwe, wakishika sketi kwa mkono mmoja na tawi kwa mkono wa pili. Hata hivyo picha zilikuwa nzuri, na watu walinipongeza. Nilirudi nyumbani na furaha.

Kisha nikaanza kuona jambo katika daftari langu la mahudhurio. Wavulana walikuja kama kawaida. Wasichana wakubwa walikosa, leo huyu, kesho yule. Mmoja wa miaka 14, ambaye zamani alifika mbele ya wote, alikuja mara mbili, akakosa, akaja tena, akakosa. Nilifikiri ni ukaidi wa umri wake. Nilitayarisha hata maneno ya kumkemea. Lakini kwanza nikaenda kwao, kule juu Kadutu.

Mama yake anauza unga wa mihogo. Alinipa kiti, yeye akakaa juu ya beseni lililogeuzwa. Nilipouliza habari za binti, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza mambo mawili.

La kwanza: ana watoto wawili katika kikundi, kwa hiyo alilipa dola 30. Alizitoa katika zamu yake ya likelemba, ambayo ilikuwa ya kununua gunia la unga. Tangu siku ile hanunui tena gunia. Anachukua unga kidogo kidogo kwa deni kwa muuzaji mwingine, na faida inabaki kwa yule mwingine.

Nikamuuliza: «Mama, kwa nini hukusema katika kikao?» Akajibu: «Madamu, nani atasimama mbele ya watu aseme mimi sina?»

La pili, alimtuma kwanza mtoto wa kiume kuchota maji, kisha akashusha sauti: «Ile nguo ni nyeupe. Siku zake zikifika, anaogopa kuinuka mbele ya wavulana. Sisi tunatumia vitambaa, hatununui vile vya dukani. Basi anabaki nyumbani.»

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwanamke. Darasani nimeona mara ngapi msichana anayebaki kwenye benchi wakati wenzake wanatoka nje! Jambo hilo nilikuwa ninalijua vizuri. Lakini siku ya kuchagua nguo, niliangalia kwa macho ya watu wanaosimama mlangoni pa kanisa kutazama maandamano. Sikuangalia kwa macho ya mtoto anayevaa, wala ya mama anayefua.

Tulifanya kikao kingine. Safari hii niliwaita wamama peke yao, na nikawaomba waniambie nguo gani iko tayari nyumbani. Jibu lilikuwa rahisi: sketi ya buluu nzito na pantalo ya buluu ya masomo, maana katika nchi yetu watoto wa masomo huvaa buluu na nyeupe. Baba mmoja alisema baadaye: «Wataonekana kama wanatoka masomoni.» Mama mwingine akatoa neno lenye nguvu zaidi: nguo ya masomo ikivaliwa na siku ya posho, itachakaa mbio. Alikuwa na haki. Tukakubaliana hivi: chini iwe buluu nzito yoyote, hata ya mitumba, juu iwe shemizi yoyote nyeupe, na alama ya kikundi iwe fulari ya manjano shingoni.

Kitambaa kilikuwa na upana wa metre moja. Ukikata metre moja kwa mshazari, unapata fulari mbili. Kwa vijana 40 tulinunua metre 20. Wamama wawili wenye mashini walipinda kingo. Haikufika dola moja kwa kijana.

Kwa hiyo, mama uliyeniuliza, kabla ya kuchagua angalia mambo haya. Nguo ya chini iwe ya rangi nzito, kwa sababu ya matope na kwa sababu ya wasichana. Sketi iwe pana, mtoto aweze kupanda mlima na kucheza. Kitambaa cha pamba kilowekwe majini na kukauka kabla ya kukatwa, kisije kikafupika baada ya kushonwa. Upindo wa chini uachwe vidole vinne, maana mtoto wa miaka 12 hakungojei. Na usiulize bei mbele ya watu wote: zunguka nyumba kwa nyumba, au mpe mama mmoja anayeaminiwa kazi hiyo. Tunawavalisha watoto nguo moja ili tajiri na maskini wasitofautiane. Nguo ikimrudisha maskini nyumbani, basi imefanya kazi ya kinyume.

Yule binti alirudi. Sasa ndiye anayefundisha wadogo kufunga fulari. Sketi yake nyeupe mama yake aliikata, akamshonea mdogo wake shemizi.

Dola 30 hazikurudi. Zamu yangu ya likelemba ilipofika, nilimpelekea nusu. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea. Nusu nyingine bado ninaihesabu kama deni langu.