Majirani Wawili Chini ya Paa Moja

Msafiri afikaye New Orleans, katika nchi ya Marekani, aona mara kwamba mji huu una desturi zake. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718 kando ya mto Mississippi. Katika mji wa kale lipo kanisa kuu la Mtakatifu Louis, mfalme wa Ufaransa. Hata wilaya za jimbo zima la Louisiana huitwa parokia mpaka leo.

Katika mji huo lipo jumba kubwa la mviringo, jina lake Superdome, lililofunguliwa mwaka 1975. Ni kiwanja cha mpira chenye paa, nacho chaingiza watu zaidi ya 70,000. Lakini mpira wao si huu wetu. Umechongoka pande mbili, nao huchukuliwa mikononi. Wachezaji huvaa kofia ngumu na kuangushana chini. Timu ifikishayo mpira mwisho wa kiwanja yapata pointi 6. Ikiupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti, yapata 3.

Vyuo vikuu vya huko vina timu zipendwazo mno. Msimu ukiisha, timu bora hualikwa kwenye michezo iitwayo mabakuli, jina lililotokana na kiwanja cha Pasadena, California, chenye umbo la bakuli. New Orleans wana Bakuli la Sukari tangu mwaka 1935, maana Louisiana ni nchi ya miwa.

Basi, tarehe 9 Januari 2012, siku chache baada ya Bakuli la Sukari, jumba hilo lilipokea majirani wawili kugombea ubingwa wa nchi nzima. Mmoja ni LSU, chuo cha Baton Rouge, mwendo wa kilometa 130 hivi. Wa pili ni Alabama, chuo cha mji wa Tuscaloosa. Walianza kushindana mwaka 1895.

Pande zote mbili zilikuwa zimeonja msiba. Aprili 2011 kimbunga kiliupiga mji wa Tuscaloosa, kikabomoa nyumba nyingi na kuua watu, wakiwamo wanafunzi wa chuo. Nao watu wa Louisiana hawajaisahau Agosti 2005, tufani ya Katrina ilipokuja na kingo za maji zikabomoka, sehemu kubwa ya New Orleans ikafunikwa. Superdome ndilo lililokuwa kimbilio la maelfu ya watu. Walilala humo katika joto na giza, paa limetoboka. Jumba lilitengenezwa, likafunguliwa tena Septemba 2006.

Tena palikuwa na manung'uniko. Timu hizi zilikwisha pambana Novemba 2011 huko Tuscaloosa, LSU ikashinda 9 kwa 6. Wengi waliuliza: Aliyekwisha shindwa, mbona apewa nafasi nyingine? Zaidi ya hayo, mwalimu wa Alabama, Nick Saban, ndiye aliyewapatia LSU ubingwa katika jumba hilohilo Januari 2004.

LSU walikuja bila kushindwa hata mara moja msimu ule. Lakini usiku huo walivuka nusu ya kiwanja mara moja tu. Jeremy Shelley wa Alabama alipitisha mpira kati ya milingoti mara tano. Karibu na mwisho Trent Richardson akaukumbatia mpira, akakimbia nao mpaka mwisho wa kiwanja. Alabama 21, LSU bila.

Hivyo kila jirani alikuwa amemshinda mwenzake mara moja, tena karibu na kwake, lakini kikombe kilikuwa kimoja. Mwaka huohuo wakuu wa mchezo walikubali kubadili utaratibu: kuanzia msimu wa 2014 ubingwa uligombewa na timu nne, na kuanzia 2024 timu 12.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Alabama walishindwa mbele ya watu wao wenyewe, wakarudi kufanya mazoezi. LSU nao, baada ya usiku ule, walikuwa na kazi hiyohiyo.