Makohozi Hasi, Kikohozi Kipo

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kifua katika ukanda wa Upare, na sehemu kubwa ya utafiti wangu wa saratani ya mapafu nimeifanyia kwenye daftari la kifua kikuu.

Daftari hilo ni urithi mkubwa. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanza mwaka 1977, Dkt. Karel Styblo na wenzake Watanzania walijenga utaratibu wa kumwandika kila mgonjwa, kupima makohozi yake na kumfuatilia mpaka amalize dozi. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaueneza utaratibu huo ulimwenguni. Ndiyo maana leo mgonjwa wa Vudee au Mbaga anasomeka kwa mstari mmoja: umri, kijiji, majibu ya makohozi, tarehe ya kuanza dawa, matokeo ya tiba.

Macho yangu hutafuta mistari ya namna moja: makohozi hasi, dawa zimeanzishwa, miezi sita imekwisha, kikohozi kipo. Wengi wa wagonjwa hao wana makovu ya kifua kikuu cha zamani, au pumu, au ugonjwa wa moyo. Lakini wamo wenye uvimbe. Dalili hufanana mno: kikohozi kisichokoma, makohozi yenye damu, kukonda, kubanwa kifua. Tena kovu la kifua kikuu lenyewe huongeza hatari ya saratani, hivyo kwa aliyewahi kuugua kifua kikuu isidhaniwe kuwa kila kikohozi chake ni kifua kikuu kilichorudi.

Picha ya kifua naitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kifua kikuu hupenda sehemu za juu za mapafu na mara nyingi huacha mashimo na madoa yaliyotawanyika. Mimi natafuta donge moja lenye kingo zilizochongoka kama miiba, au pafu lililosinyaa kwa kuwa njia yake ya hewa imezibwa. Hata hivyo picha haitoi hukumu. Lazima kipatikane kinyama cha kupimwa, na kwa mtu wa Same hiyo ni safari ya kama kilomita 100 hadi hospitali ya KCMC, Moshi. Saratani ikikutwa ingali ndogo, upasuaji unaweza kuiondoa. Miezi sita ya dawa zisizo zake inatosha kumfungia mgonjwa mlango huo.

Kisha yapo maswali. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu kwa kuwahoji wagonjwa katika hospitali za London. Madodoso mengi tunayotumia bado yanauliza yaleyale: unavuta? Ngapi kwa siku? Tangu lini? Mama wa milimani hujibu hapana mpaka mwisho wa karatasi, na karatasi inabaki ikisema mapafu yake hayajui moshi.

Nenda jikoni kwake. Kande haina haraka. Mahindi na maharage huchemka kwa saa nyingi juu ya mafiga, na kule Chome ukungu ukishuka, mlango hufungwa. Masizi yamening'inia darini. Ameinama hapo tangu akiwa msichana, kisha akiwa na mtoto mgongoni.

Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini yake: moshi wa makaa ya mawe majumbani husababisha saratani ya mapafu, na wa kuni unaelekea kuwa hivyo, ila ushahidi wake kwa binadamu ni haba. Ushahidi unaokosekana umo katika majiko yetu. Kwa hiyo mimi huuliza: umepikia kuni miaka mingapi? Jiko lina dirisha? Unalala penye moto? Na kwa kijana: umechimba kwenye migodi ya Mirerani? Maana vumbi la silika ni kisababishi kinachojulikana.

Tabibu wenzangu, mgonjwa mwenye makohozi hasi asiyepata nafuu asipewe dozi ya pili ya kubahatisha. Apigwe picha, apewe rufaa, na kwenye faili paandikwe alikopikia na alikochimba. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Siku ya kupanga nani aanze kufikiwa, nataka akina mama wa Upareni wawe na maandishi ya kuwatetea.