Nchi Isiyo na Dini na Watu Walioilea

Sisi tuliozaliwa Uzigua kabla bendera ya Mwingereza haijateremshwa, ambao leo tunaitwa wazee wa Mkata, tumeongozwa na marais sita. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki, Mzee Mwinyi Mwislamu, Mzee Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki, na Mama Samia ni Mwislamu. Hakuna sheria iliyoagiza wapokezane hivyo. Vijana wetu wakiitazama orodha hiyo hudhani ni jambo lililojipanga lenyewe, na siwalaumu, kwa kuwa wamezaliwa wakalikuta. Sisi tulikuwapo wakati bado haikujulikana mambo yataangukia upande gani. Mwaka 1958 mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, Sheikh Suleiman Takadir, alifukuzwa chamani kwa kuuliza mapema mno Waislamu watakuwa na nafasi gani uhuru ukishapatikana. Swali lake halikuwa la kipuuzi, na nadhani hata waliomnyamazisha walilijua hilo. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya tatu, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya kumi na tisa inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maneno hayo ni machache. Gharama iliyolipwa ili yawe na maana ndiyo ninayotaka kuwasimulia wajukuu zetu, maana waliolipa wanazidi kupungua.

Aliyelipa kwanza alikuwa mzazi wa Kiislamu mwenye mtoto wa kusomesha. Uzigua ni nchi ya Waislamu wengi, na shule za enzi za Mwingereza nyingi zilikuwa za misheni ya Waanglikana: Magila kule Bondei, Kideleko na Kwamkono huku kwetu Handeni. Wazazi wetu walijua thamani ya kalamu. Walijua pia kwamba katika shule nyingi za namna hiyo, hapa na kwingineko Tanganyika, mtoto aliingia akiitwa Juma na huenda akatoka akiitwa Yohana. Wapo waliokubali, wapo waliomtoa mmoja na kuwabakiza wengine chuoni kwa maalimu, na wapo waliokataa kabisa. Na waliokataa, wajukuu zao bado wanaubeba uzito wa uamuzi ule. Serikali ya uhuru ilipopitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule zilizokuwa zikipata ruzuku zikawekwa mikononi mwa umma mwaka uliofuata, mtoto wa Mwislamu aliingia darasani kwa mara ya kwanza bila baba yake kupiga moyo konde. Na hapo ndipo Kanisa nalo lilipolipa. Madarasa yale yalijengwa kwa sadaka za waumini, matofali yakichomwa na watu ambao baadhi yao tuliwajua kwa majina, kisha yakakabidhiwa kwa taifa. Ningependa kila kijana wa Kiislamu anayezisoma habari hizi atulie kidogo mahali hapa, kama ningependa kijana wa Kikristo atulie pale juu, penye habari za yule baba aliyembakiza mwanawe nyumbani.

Waislamu walilipa tena. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, tuliyoijua kwa herufi zake EAMWS, ilipigwa marufuku mwaka 1968, na mwishoni mwa mwaka huohuo BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu, ikaundwa Iringa. Wapo wenzangu wa rika ambao hadi leo wakizungumzia jambo hilo sauti hubadilika, na hawaamini kwamba serikali isiyo na dini ilikuwa na haki ya kuwachagulia chombo cha kuwaunganisha. Siwezi kuwaambia wamekosea. Mamlaka ya kidunia ikishaingiza mkono katika uongozi wa msikiti, hata kwa nia ya kulinda umoja, imevuka mpaka ilioahidi kuulinda. Lakini ni lazima niseme na hili: hawakuchukua silaha. Waliinamisha vichwa, wakaendelea kulima, wakapeleka watoto shule zilezile zilizokuwa za misheni, na kinyongo chao wakakiweka mahali ambapo hakingemuumiza jirani. Uvumilivu wa namna hiyo hauandikwi katika vitabu vya historia, nami nauhesabu kuwa kazi kubwa ya kizazi chetu.

Halafu ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyokusanya chini ya paa moja ndoa ya kanisani, ya Kiislamu, ya bomani na ya kimila. Wakati inajadiliwa, mashehe walihofia mkono wa serikali katika ndoa, na mapadri walihofia mitala kuhalalishwa. Kila upande ulitoka na kitu mkononi na kitu kingine ukakiacha mezani. Hapa Uzigua, ambako ukoo mmoja huwa na Selemani na Petro waliozaliwa tumbo moja, sheria ile ilituondolea mashauri mengi. Msomaji wa mbali anaweza kushangaa kuwa askofu mkuu wa Waanglikana wa Tanzania kuanzia mwaka 1984 hadi 1997 aliitwa John Ramadhani. Huku kwetu halikuwa jambo la ajabu.

Njaa ilitufundisha zaidi kuliko sheria. Handeni ni nchi ya ukame, na miaka ya 1974 na 1975 ilikuwa migumu kwa taifa zima. Tulikuwa tumehamishiwa vijijini katika operesheni, mashamba mapya hayajatulia, mvua ikakataa. Mahindi ya njano yalipofika yaligawiwa kwa hesabu ya vichwa vya kaya. Balozi wa nyumba kumi aliulizwa watu wangapi wanalala katika nyumba hii, basi. Kule Korogwe, katika mashamba ya mkonge, manamba walioletwa kutoka Kigoma, Songea na ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wameshakaa kambi moja miaka mingi, kila mmoja na ibada yake, wakipanga foleni moja ya posho. Waliokwenda Jeshi la Kujenga Taifa watakumbuka usawa wa namna hiyohiyo: kijana wa seminari na kijana wa madrasa walipewa jembe moja wapokezane. Tukijivunia kitu, tunajivunia kuwa shida zilitukuta tukaziacha zituunganishe, wakati mahali pengine ziliwagawa watu.

Upande wa kuchinja nao una habari yake. Anayeshuka basi hapa Mkata akanunua nyama ya kuchoma hana haja ya kuuliza nani alichinja, kwa kuwa desturi ya miaka mingi ni kwamba kitoweo cha watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili pasiwe na mtu atakayeondolewa mezani. Mkristo hakupungukiwa kitu, na Mwislamu alikula bila shaka. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Ilishikiliwa na heshima tu, kama kuta za udongo zinavyoshikiliwa na fito zisizoonekana. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, fito hizo zilikatika: ulizuka ugomvi juu ya haki ya kuchinja, na mchungaji mmoja akauawa. Serikali ilipoulizwa nani mwenye haki ya kuchinja, ilijikuta inadaiwa jibu la kidini, jibu ambalo serikali isiyo na dini haina mahali pa kulitoa. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia vijana kwamba sehemu kubwa ya amani yetu haimo katika Katiba. Imo katika mambo madogo ambayo majirani walikubaliana bila kikao, na mambo hayo mtu akiyafanyia ubishi wa haki, hayana wakili wa kuyatetea.

Watoto wetu walioko Marekani hutueleza namna wenzetu walivyofanya. Marekebisho ya kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yaliikataza serikali kuu kuanzisha dini ya taifa au kuzuia ibada, na Rais Jefferson mwaka 1802 akauita mpango huo ukuta wa kutenga. Hata hivyo jimbo la Massachusetts liliendelea kulitegemeza kanisa kwa kodi hadi mwaka 1833, na mwaka 1962 ndipo Mahakama yao ya Juu ilipokataza sala iliyotungwa na mamlaka kusomwa katika shule za umma. Wao wamejenga ukuta wao kwa mashauri, shauri juu ya shauri, kwa miaka zaidi ya mia mbili, na bado wanabishana ulipo. Sisi hatukujenga ukuta. Shule zetu za serikali zina kipindi cha dini, watoto wakagawanyika kwa mashehe na walimu wao wa dini kisha wakarudi kukaa pamoja kwa hesabu. Mikutano yetu hufunguliwa kwa dua ya shehe na sala ya padri, na wimbo wetu wa taifa wenyewe ni maombi. Mmarekani angesema hapo hakuna utengano. Mimi nasema upo, ila umelindwa kwa adabu zaidi kuliko kwa mahakama. Ubora wa njia yetu ni kwamba haikumtaka mtu aifiche imani yake. Udhaifu wake ni kwamba adabu isipofundishwa hufa na wenyewe.

Na kwa masikitiko naiona ikidhoofika. Enzi zetu, kiongozi alikwenda msikitini au kanisani kuabudu, akakaa mkekani au benchini kama wengine. Siku hizi anakabidhiwa kipaza sauti. Anachangia ujenzi, anatangaziwa kiasi alichotoa, na waumini wanaelewa bila kuambiwa ni nini kinachotarajiwa kwao siku ya kura. Mwalimu, alipozungumza mwaka 1995 juu ya nyufa za taifa, aliutaja udini waziwazi, na tukadhani anawasema wachache. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya taifa. Wengi wetu tuliomba kwa moyo, na dini zote ziliitwa. Bado nilijiuliza kama ni kazi ya Ikulu kupanga siku za toba. Mwaka 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka kupinga mkataba wa bandari na kampuni ya Dubai. Lilikuwa suala la mali ya umma, lenye hoja za kujibiwa kwa hoja, lakini kabla wiki haijaisha watu walikuwa wakihesabu nani Mkristo na nani Mwislamu kati ya waliosema. Mwaka 2025 Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili kanisa la Askofu Gwajima, ambaye wakati huohuo alikuwa mbunge wa chama tawala na mkosoaji wa utekaji wa watu. Je, aliyeadhibiwa alikuwa mwanasiasa au mchungaji? Waumini waliokuta milango imefungwa hawakuwa na njia ya kujua. Viti viwili vikikaliwa na mtu mmoja, kila kimoja kinapoteza ulinzi wake.

Kuhusu Mahakama ya Kadhi nitasema wazi, kwa kuwa vijana huniuliza. Mahakama hizo ziliondolewa Tanzania Bara mwaka 1963. Hoja ya kuzirudisha ilifikishwa bungeni mwaka 1998 na Augustine Mrema, Mkristo kutoka Kilimanjaro. Chama tawala kikaahidi kulitafutia suala hilo ufumbuzi katika ilani ya mwaka 2005, na muswada ulioletwa mwaka 2015 ukaondolewa huku jumuiya za Kikristo zikipinga. Zanzibar wanazo, Kenya wanazo katika Katiba yao ya mwaka 2010, na hakuna aliyeangamia. Hivyo hofu iliyotangazwa makanisani ilipitiliza. Lakini kadhi anayelipwa na Hazina atakuwa mtumishi wa serikali, na serikali inayomlipa itataka kumchagua, nasi tunaokumbuka 1968 tunapaswa kuwa wa mwisho kuomba hilo. Waislamu wawe na kadhi wao, wamlipe wao, wamwondoe wao. Upande wa pili, Wakristo nao wakubali kwamba makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa juu ya shule na hospitali yaliacha swali la haki mioyoni mwa Waislamu. Majengo ya TANESCO pale Morogoro, aliyoyatoa Rais Mkapa yakawa Chuo Kikuu cha Waislamu, yalijibu sehemu ya swali hilo, si lote. Hospitali ya misheni ya Kwamkono imewatibu Waislamu wa Handeni miaka na miaka bila kuwauliza kitu, na nadhani mwenye kutibiwa humo ana wajibu wa kulisema hilo pia.

Wapo wanaotaka sensa irudishe swali la dini, lililoulizwa mara ya mwisho mwaka 1967; mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligomea kuhesabiwa kwa sababu hiyo. Siliungi mkono dai hilo, na mfano wangu uko karibu. Msomera, ndani ya wilaya yetu hii, kuanzia mwaka 2022 serikali imeleta ndugu zetu Wamasai kutoka Ngorongoro, wengi wao Wakristo au wafuasi wa mila zao, katikati ya Wazigua Waislamu. Malalamiko yamekuwapo, na mengine yana haki kabisa: mashamba, mipaka, maji, wenyeji waliojikuta wageni kwao. Wazee wa pande zote wamekaa vikao juu yake. Katika yote niliyoyasikia, nimesikia ekari, nimesikia ng'ombe, nimesikia nyumba alizojengewa fulani na fulani hakujengewa. Sijasikia bado mtu akitaja kibla au msalaba.