Kilomita, Maili na Saa Tatu Usiku

Wengi wetu tunaoishi hapa Southall tuna vipimo viwili kichwani, na wengine vitatu. Barabarani tunasoma maili, watoto shuleni wanafundishwa mita na kilomita, na nyumbani tukiulizana saa, bado saa moja ni asubuhi. Yote haya hukutana mezani kwetu siku za Jumamosi, vijana wa mtaani wanapotuletea hesabu zao za umbali, kasi na muda.

Sisi tuliosomea uhandisi katika nchi hii tumezoea kuulizwa, "Mjomba, hapa nigawanye au nizidishe?" Kwa kweli shida haiko hapo. Kugawanya wanajua. Juzi kijana mmoja alikuwa na treni iendayo kilomita 72 kwa saa, anaulizwa itachukua sekunde ngapi kwenda mita 300. Akagawanya 300 kwa 72, akapata 4 na kidogo, akafunga daftari. Tulimwambia aandike kipimo kando ya kila tarakimu. Alipoona amegawanya mita kwa kilomita, alicheka mwenyewe. Kilomita 72 ni mita 72,000. Saa 1 ni sekunde 3,600. Basi treni yaenda mita 20 kila sekunde, na mita 300 ni sekunde 15. Wako wanaofundishwa "gawanya kwa 3.6" na yakaishia hapo. Njia ya mkato ni nzuri, lakini sisi hatuitoi mpaka mtoto atuambie hiyo 3.6 imetoka wapi, kwani asiyejua, siku ya mtihani atazidisha pale pa kugawanya.

Mtego mwingine ni kikokotoo. Saa 1 na dakika 30 huandikwa 1.30, kumbe ni 1.5. Saa ina dakika 60, si 100.

Kwenye muda, hata hivyo, Kiswahili chetu kina msaada wake. Basi linaloondoka Mombasa saa 3 usiku na kuingia Nairobi saa 11 alfajiri limetumia saa ngapi? Toa 3 katika 11, ni saa 8. Safari ni kama kilomita 480, kwa hiyo wastani ni kilomita 60 kwa saa. Mpe mtoto aliyezaliwa hapa hesabu hiyohiyo kwa saa za Kiingereza, kutoka tisa ya usiku hadi tano ya asubuhi, naye atatoa 5 katika 9 akuletee saa 4. Basi lake linakimbia kilomita 120 kwa saa, na abiria wote wanapiga dua! Siri ni kwamba sisi tunaanza kuhesabu usiku jua likizama, na safari nzima imo ndani ya usiku mmoja, ilhali saa za Kiingereza hukatika usiku wa manane. (Ukisafiri kutoka alasiri hadi usiku, mambo hugeuka, na sisi ndio tunaokatika.)

Lakini hesabu hizi haziishii daftarini. Tunapokea wageni kutoka nyumbani, na wengine huendesha magari hapa. Aliyezoea Mombasa, ambako kikomo cha mjini ni kilomita 50 kwa saa, mguu wake umeshajifunza kuuweka mshale kwenye 50. Mshale wa gari la hapa unasoma maili, na maili 50 ni kilomita 80. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinasema gari lililo kwenye maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 mpaka lisimame. Lililo kwenye maili 50 huhitaji mita 53. Pale Broadway, Jumamosi jioni, akina mama wakivuka na vigari vya watoto, hizo mita 30 zilizozidi ni watu. Ndiyo maana kabla ya kutoa ufunguo tunasema, "Shemeji, hapa 30 ndiyo 50 yako," na hatumwachii mpaka airudie.

Majirani zetu wengi ni Wapunjabi, na baadhi yao walizaliwa Nairobi au Kampala na Kiswahili wanakijua. Reli ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1896 kwa jasho la vibarua wengi kutoka Punjab, nayo ilichanganya vipimo: upana wake mita 1, urefu wake ukahesabiwa kwa maili. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli kwenye maili 327. Basi hesabu ya Jumamosi ijayo ni hii: treni inatoka Mombasa kwa kilomita 20 kwa saa bila kusimama, itafika maili 327 baada ya saa na dakika ngapi? Maili 1 ni kilomita 1.609. Kijana akikuletea saa 16 na ushei, usimgombeze. Mrudishie daftari, umwulize hizo 327 ni za nini.