Sakafu ya Karakana ya Baba Watoto

Familia nyingi zinapogeuza banda la gari kuwa karakana hufikiria zana kwanza, na sakafu huja mwisho. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mume wangu ni seremala, na mwaka huu magoti yalimfikisha mahali pa kuamua: ama asimame juu ya kitu kisichokuwa saruji tupu, ama aiweke chini randa ambayo ndiyo riziki ya nyumba hii.

Tukaanza kutafuta vigae vyenye meno pembeni, vile vinavyoshikana bila gundi wala saruji. Tabia zake hazifanani hata kidogo. Vya sponji, wanavyochezea watoto, ni laini mno: mguu wa mashine hudidimia, na patasi ikianguka huvichana. Vya plastiki ngumu yenye matundu humfaa anayeosha gari, kwa kuwa hupitisha maji. Kwa seremala, unga wa mbao hujaa chini yake na ukipata unyevu huvunda. Tena ugumu wake hauyapumzishi magoti. Tuliridhika na vya mpira mzito usio na matundu.

Kabla ya kununua tulibandika kipande cha nailoni sakafuni, tukaziba kingo zote kwa utepe, tukakiacha usiku na mchana. Matone yakionekana kwa ndani, ni dalili kwamba saruji inapandisha unyevu, nao utafungiwa chini ya vigae. Chetu kilikuwa kikavu. Wenye nyumba za pwani wasiiruke hatua hii.

Ikabaki hesabu, nayo ilitisha. Banda lina mita 3 kwa 6, yaani mita za mraba 18. Kwa kigae cha sentimita 50 kila upande, vinahitajika 72, mbali na vya akiba. Fedha hizo zingemeza ada ya binti yetu. Mume wangu alikwisha kunyamaza, na ukimya wake naujua.

Nikamwomba jioni ile asifagie. Asubuhi tukazitazama nyayo zake katika unga wa mbao: karibu zote zilikuwa mbele ya meza ya kazi, eneo la mita 2 kwa 3. Mashine haina magoti. Ya nini kuitandikia? Tukanunua vigae 27, vitatu vikiwa vya akiba.

Penye mashine ya kunolea, saruji imeachwa wazi kwa sababu ya cheche. Ukutani tuliacha nafasi ndogo, kwani mpira hutanuka wakati wa joto, na ukingo unaoishia katikati ya banda ulikatwa mshazari asije mtu akajikwaa.

Magoti hayajapona, wala mpira si dawa. Lakini zamani alikuwa akifunga karakana Adhuhuri. Siku hizi humwita kijana wake wakaendelee baada ya Alasiri, na ada ya muhula imelipwa.