Kambini kwa Wahadzabe

Nimelelewa Moshi, nyuma ya kaunta ya duka la mama. Pale nilifundishwa kwamba mtu wa maana ni yule anayeweka: mahindi yafike mavuno mengine, daftari la madeni lisipotee, shilingi isitoke bila sababu. Bado naamini hivyo. Ndiyo maana nilitaka kukaa na Wahadzabe, kando ya Ziwa Eyasi, watu wasioweka kitu.

Kutoka Karatu gari linateremka kwenye vumbi mpaka Mang'ola, nchi ya vitunguu, ambako maji ya chemchemi yanakimbia kwenye mifereji na malori yanapakia magunia mpaka usiku. Ukiyaacha mashamba unaingia kwenye mibuyu na migunga. Kambi ilikuwa huko: vibanda vya matawi na nyasi, moto, watoto wakipasua mabuyu kwa mawe.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia mwenyeji wangu.

"Marahaba. Mtana," akaniongezea salamu ya kwao.

Asubuhi tulifuatana na vijana kutafuta asali. Mmoja alipiga mluzi. Ndege mdogo wa kijivu akaitika kwa kelele, akawa anaruka mti kwa mti mbele yetu mpaka kwenye mbuyu mnene. Kijana akachonga vigingi kwa shoka, akavipigilia shinani kimoja juu ya kingine, akavikanyaga kupanda hadi kwenye tundu la nyuki, kijinga cha moto mkononi kikifuka moshi. Masega yalipoanguka tulikula palepale, na wana wa nyuki ndani yake. Yaliyobaki yalipelekwa kambini, na jua lilipozama hapakuwa na hata tone.

"Mzee, mbona hamkubakiza ya kesho?"

"Nikiificha, nitalalaje na hawa wanaojua kuwa ninayo?"

Nilikaa na jibu hilo muda mrefu. Kwetu anayetoa husifiwa, na anayepokea huinamisha kichwa. Pale kambini nyama ilipoingia watu waliifuata na kuchukua fungu lao bila unyonge, na mwindaji hakungoja kushukuriwa. Amri nayo sikuisikia. Mzee wangu, pamoja na mvi zake, hakuwa na uwezo wa kumtuma kijana asiyetaka kwenda. Wasioelewana hufunga virago, wakahamia kambi nyingine.

Jioni wanaume walicheza lukuchuko. Kila mmoja ana kipande chake cha gome la mti, na kipo kimoja kikubwa cha wote. Vinashikwa pamoja na kurushwa kwenye shina. Mshindi ni yule ambaye kipande chake peke yake kimelala upande ule ule wa kile kikubwa. Dau lilikuwa mishale ya chuma, ambayo majirani zao Wadatoga huifua kwa misumari na vyuma chakavu, wakalipwa asali. James Woodburn, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza utafiti kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba upinde, mishale ya mbao na mkoba wa ngozi haviwekwi dau kamwe. Mtu anaweza kupoteza mali yote akabaki na uwezo wa kujilisha, na aliyekusanya mali nyingi leo, kesho inamtoka. Mimi niliyezoea kuona kamari ikifilisi nyumba za watu nilitazama mchezo huo kwa heshima.

Nilimuuliza mzee kuhusu njaa, maana hilo ndilo swali la mtoto wa duka. Akanipeleka walikokuwa wanawake, wakichimbua mizizi kwa vijiti vilivyochongwa ncha, wakiibanika kidogo motoni na kuitafuna. Ghala lao ni hilo, na halina kufuli. Anayefyeka pori kupanda vitunguu analivunja, hata kama hakukusudia mabaya, na Wahadzabe, ambao hawazidi watu elfu moja na mia chache, hawana lingine la kukimbilia.

Mwaka 2011 wenzao wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya haki miliki ya kimila, ardhi ikaandikwa kuwa ya jamii nzima, si ya mtu mmoja awezaye kuiuza. Mzee alikuwa na ndugu huko na aliifahamu habari hiyo vizuri. Alitaka na upande wake upimwe hivyo hivyo, mapema, kabla mashamba hayajafika kwenye mibuyu.